Kununua apartema Marekani: kooperative ama kondominiamu, ndugu anapata nini?

Simu inaingia Bukavu, Uvira ama Goma: ndugu aliye Marekani amenunua nyumba. Familia inashangilia, wengine wanaanza hata kuhesabu vyumba. Kisha siku chache baadaye anaeleza kwamba hana hati ya nyumba, ana karatasi za hisa, na kwamba binamu hawezi kuja kukaa pale miezi sita mpaka komite ikubali. Hapo watu wanaulizana: huyu amenunua kweli, ama amepanga tu?

Amenunua, lakini si kitu ambacho siye tunafikiri.

Wacongo wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wako katika majimbo kama Texas, Kentucky na Ohio, ambako kooperative za nyumba ni chache. Lakini anayekaa karibu na New York, katika miji ya pembeni kama Yonkers ama White Plains, atazikuta kila upande. Mara nyingi ni majengo ya matofali, ya etaji tano ama sita, yaliyokuwa ya kupangisha zamani. Apartema ya chumba kimoja ndani yake ni kati ya nyumba za bei ya chini kule, ndiyo maana inavutia mtu wa mshahara mdogo.

Mwenye jengo ni kampuni

Aliye katika AVEC anaweza kuelewa haraka. Katika AVEC mtu ananunua sehemu, na sanduku ni la wote. Katika kooperative ya nyumba, jengo zima ni mali ya kampuni moja. Ndugu ananunua hisa za kampuni ile, na hisa zinamupa kontra ya kukaa katika apartema fulani. Yeye ni mwenye hisa, na wakati huohuo ni mpangaji wa kampuni yake mwenyewe. Asipolipa pesa ya kila mwezi, anaweza kupelekwa mahakamani na kutolewa kama mpangaji yeyote.

Mtindo huu ni wa zamani kuliko ule mwingine. Wafanyakazi kutoka Finland walijenga kooperative yao Brooklyn katika mwaka wa 1916, wakati sheria ya kondominiamu katika jimbo la New York ilikuja 1964 tu.

Katika kondominiamu, ndugu anapata hati yenye jina lake, ya apartema ile peke yake, na sehemu katika vitu vya wote: ngazi, paa, lifti, hata udongo chini ya jengo. Inakaribiana na sertifika ya uandikishaji ambayo kwetu mwenye parseli anatafuta kwa konsevateri. Tena kwa upande wa udongo anatupita, juu kwetu udongo ni mali ya Leta tangu sheria ya 1973.

Bei ya chini inaficha nini

Tuchukue mfano. Kooperative inauzwa dola 150.000, na kondominiamu ya ukubwa uleule, upande wa pili wa barabara, dola 220.000. Mtu atasema ya kwanza ni nafuu. Lakini kooperative nyingi zina deni la banki juu ya jengo lote, na kila mwenye hisa analipa kipande cha deni lile ndani ya pesa ya kila mwezi, pamoja na kodi ya Leta, shofaji na mshahara wa sentineli. Ndiyo maana pesa ya mwezi ya kooperative mara nyingi ni kubwa. Katika kondominiamu mtu analipa pesa ya jengo, kisha kodi ya Leta kivyake. Asiyejumlisha vyote viwili anajidanganya.

Kuna pia pesa ya kuanzia. Kooperative nyingi zinaomba mununuzi aweke asilimia 20 mkononi: katika mfano wetu, dola 30.000. Kwa kondominiamu inayokubaliwa na FHA, idara ya Leta inayodhamini mikopo ya nyumba, mtu mwenye historia nzuri ya madeni anaweza kuanza na asilimia 3,5, yaani dola 7.700. Basi ile ya bei kubwa inaweza kuwa rahisi kuingia, ijapokuwa deni lake la banki litakuwa zito kwa miaka mingi.

Komite

Hapa ndipo watu wetu wanashikwa. Kabla ya kununua hisa, mtu anapeleka kwa komite ya kooperative karatasi za kodi, za mshahara na za banki, kisha anaitwa kuulizwa maswali. Komite inasoma kila kitu: dola zinazotumwa Bukavu kila mwisho wa mwezi zinaonekana pale. Mchango wa mjomba wa kusaidia kununua nao unaombewa barua ya kueleza kama ni zawadi ama deni.

Komite inaweza kukataa, na katika sehemu nyingi za jimbo la New York hailazimishwi kutoa sababu. Sheria ya nchi ya 1968 inakataza kumukataa mtu juu ya rangi, dini ama nchi alikotoka. Kuonyesha kwamba hiyo ndiyo sababu, komite ikinyamaza, ni kazi ngumu. Westchester, wilaya yenye Yonkers na White Plains, ilichukua sheria yake inayoilazimisha komite kujibu kwa muda uliowekwa. Kondominiamu kwa kawaida haina usaili wa namna hiyo.

Komite ileile ndiyo inaamua kama apartema inaweza kupangishwa. Ndugu anayepanga kurudi Kivu miaka miwili, huku apartema ikimulipia deni, achunguze jambo hili mbele ya mengine yote. Katika kooperative nyingi haitawezekana, ama itawezekana kwa muda mfupi tu.

Kondominiamu pia ina majirani wake. Tarehe 24 Juni 2021, jengo la kondominiamu la Champlain Towers South, Surfside, katika jimbo la Florida, lilianguka usiku na kuua watu 98. Wenye apartema walikuwa wameombwa kuchanga karibu dola milioni 15 za matengenezo. Hati yenye jina lako haikuokoi na mchango wa paa ama msingi. Ndiyo maana avoka, kabla ya kusaini, anaomba hesabu za jengo za miaka iliyopita na ripoti za mikutano, kwa kooperative na kwa kondominiamu pia.

Swali ambalo familia hazipendi kuuliza ni hili: ndugu akifa? Apartema ya kondominiamu inaingia katika urithi kama nyumba. Hisa za kooperative zinarithiwa nazo, lakini mtoto anayetaka kukaa mule kwa kawaida anapita mbele ya komite kama mununuzi. Ikimukataa, hisa zinauzwa, na kooperative nyingine zinakata kipande cha bei kabla ya familia kupokea.