Ada ya Jasho: Mpishi wa Njombe na Makambako Alifundishwa na Nani?

Kijana wa Njombe au Makambako anayetafuta mahali pa kujifunza upishi kwa gharama nafuu huambiwa aende akashike kazi kwa mamantilie, eti huko hakuna ada. Ushauri huo una umri mrefu kuliko anavyodhani anayeutoa, na una kasoro moja: ada ipo. Tangu siku za wamisionari, mafunzo rahisi ya upishi katika nyanda hizi yamelipiwa kwa jasho la mwanafunzi, na kilichofundishwa kimeamuliwa na mwenye fedha ya kula. Ndiyo maana swali la bei, peke yake, halitufikishi mbali. Tuulize pia mwanafunzi alikuwa anafundishwa kumpikia nani.

Wamisionari wa Berlin walifungua vituo vyao Ubena, Kidugala na Lupembe vikiwamo, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1949 ikaja kampuni ya miwati ya Njombe, na nyumba za mameneja wake wa kigeni. Katika Tanganyika ya wakoloni, mpishi wa kulipwa katika nyumba kama hizo za Wazungu kwa kawaida alikuwa mwanamume. Alianza kwa kupasua kuni, kuchota maji na kusugua masufuria, ndipo akasogezwa taratibu kwenye mkate, supu na nyama ya kuoka. Ujuzi huo ulimpa mshahara na heshima, lakini akirudi kwake jioni haukuwa na kazi: hakuna tanuri wala siagi, na juu ya mafiga mkewe alikwisha kupika ugali na maharage kama alivyofundishwa na mama yake. Jiko la ajira na jiko la nyumbani yalikaa mbalimbali, hata pale yalipokuwa ya mume na mke.

Makambako iliufungua mlango wa upishi wa kulipwa kwa wengi zaidi, hasa wanawake. Barabara kuu ya kwenda Zambia, njia ya Songea na reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975 na kukabidhiwa 1976, vyote vinakutana hapo, na msafiri hula. Mwanafunzi wa mamantilie huanza na vyombo, akaenda kwenye viazi na vitunguu, akaruhusiwa kuchambua mchele, na siku akiaminiwa hukabidhiwa wali wenyewe: kupima maji kwa kidole, kupunguza moto wakati unaofaa, kisha kupalia makaa juu ya mfuniko usibaki kiini. Hakuna anayemweleza sababu. Huonyeshwa, hukaripiwa akikosea, basi. Tusiidharau shule hiyo. Inafundisha kasi, usimamizi wa mkaa na hesabu ya faida, mambo ambayo vyuo vingi huyagusa juujuu. Lakini mtaala wake ni sahani ya msafiri, yaani wali, nyama, chapati na chipsi, na sehemu kubwa ya mchele wenyewe hutoka bondeni Usangu. Njegere na ulezi wa nyumbani havina somo.

Atasema mtu: ya nini darasa, wakati kila binti hufundishwa na mama yake bure? Hoja hiyo ni nzito, maana mama ndiye aliyehifadhi maarifa ambayo kitabu cha mapishi cha pwani hakina. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi kama 93 tu, si 100, na maharage huhitaji muda mrefu zaidi jikoni. Hata hivyo, mama hufundisha anachokijua na anachokipatia nafasi. Mkoa wa Njombe unalisha wengine mahindi na viazi, na siku hizi parachichi zake zinavuka bahari, ilhali utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala limejaa, mtoto hakui.

Nakubali kwamba udumavu hausababishwi na upishi peke yake. Kazi nyingi za mama, maji machafu na maradhi vimo. Lakini hilo ndilo linaloyapa thamani mafunzo ya umma, ambayo historia yake hatuizungumzi vya kutosha. Mwaka 1975 kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai iliwaketisha watu wazima katika vikundi, wakasikiliza na kujadili walichokuwa wanakula. Miaka ya 1980, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani ulianza katika vijiji 168 vya mkoa huo; watoto walipimwa uzito na wazazi wakahimizwa kuwalisha mara nyingi zaidi kwa siku. Wataalamu wa lishe nchini walihimiza pia kimea, kilekile cha togwa na pombe, ambacho kijiko chake hulainisha uji mzito mtoto akaumeza bila kuongezewa maji. Mwanafunzi hapo hakumpikia bwana wala abiria. Alimpikia mwanawe, kwa nafaka ya shambani kwake.

Wapo watakaosema vyuo vipo. Kweli, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa kuanzia 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na Njombe mjini na Ulembwe ni miongoni mwa mahali vilipo. Lakini kozi ya miezi mingi haimfai mchuma chai au muuza viazi anayeanza tu, hata ada ikiwa ndogo, kwa sababu siku anayokaa darasani ni siku asiyolipwa. Halmashauri za Mji Njombe na Makambako zina majiko ya shule yanayolala Jumamosi mchana. Yafunguliwe kwa masomo mafupi, mamantilie wazoefu walipwe kufundisha pamoja na maofisa lishe, na kipindi cha kwanza kiwe cha maharage, njegere na uji wa kimea.