Lenzi Iliyoachwa Ikarudi

Maji ya mto Lufira, huku Katanga nchini Kongo, yanayozungusha mitambo ya Koni yanafanya kazi ya kiwandani. Kituo hicho cha umeme kilianza kazi mwaka 1950, chini ya kile cha Mwadingusha kilichotangulia mwaka 1930 kwenye mto huohuo, na vyote viwili vilijengwa kwa sababu kampuni ya madini ya Union Minière ilihitaji umeme mwingi wa kusafishia shaba. Kule Shituru, katika mji wa Likasi ambao enzi hizo uliitwa Jadotville, kiwanda kilichoanza mwaka 1929 kiliyeyusha madini kwa asidi ya salfa, kisha umeme ukainasa shaba ikiwa safi. Mji uliokua kwa asidi, wenye mafundi wengi wa kuchomea vyuma, una haki ya kujua historia ya tiba ya jicho lililoungua. Nayo historia hiyo imebebwa kwa sehemu kubwa na lenzi moja ambayo huku Katanga husikika kwa nadra.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, chenye upana wa takriban milimita 12. Haina mishipa ya damu, hivyo hewa yake huipata kutoka nje, kupitia machozi. Miwani humfaa mtu ambaye konea yake ina umbo lililo laini na lenye mpangilio. Ikiwa na makovu ya asidi au ya vidonda vilivyoletwa na surua, mwanga hutawanyika ovyo kabla ya kufika ndani, na taa moja ya usiku huonekana kama taa nne zilizopandiana. Hali ni hiyohiyo kwa kijana mwenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na ichongoke mbele mwaka hadi mwaka. John Nottingham wa Liverpool aliuandikia kitabu kizima mwaka 1854, wakati tiba ya maana ilikuwa haijapatikana. Mgonjwa wa namna hii anaweza kubadilisha miwani kila mwaka na asione nafuu.

Jawabu halikuanzia hospitalini. Mjini Wiesbaden, Ujerumani, familia ya Müller ilikuwa ikipuliza vioo na kutengeneza macho ya bandia. Mwaka 1887 waliletewa mtu aliyekatwa kope kwa sababu ya saratani. Jicho lisilofumba hukauka, na likikauka konea huchubuka, hufanya vidonda na hatimaye hufa. Fundi akampulizia gamba jembamba la kioo, angavu katikati na jeupe pembeni, likakaa juu ya jicho na kuhifadhi unyevu chini yake. Mtu yule alilivaa kwa takriban miaka 20, na jicho lake likaendelea kuona.

Vitabu vingi hulipita tukio hili kwa sentensi moja, nami naona ndilo kiini cha habari yote. Gamba lile halikutengenezwa kwa ajili ya urembo wala kwa mtu aliyechoka miwani. Lilitengenezwa ili jicho lisife kwa ukavu.

Mwaka uliofuata, 1888, mambo yalikwenda mbio. Adolf Eugen Fick, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, alichapisha taarifa ya lenzi za kioo alizozijaribu kwa sungura, kisha machoni mwake mwenyewe, kisha kwa wagonjwa, akizijaza maji ya sukari ya zabibu. Mjini Paris, Eugène Kalt aliwavalisha magamba ya kioo wagonjwa wa keratokonasi. Mwaka 1889 August Müller, asiyekuwa wa ile familia ya Wiesbaden, aliandika tasnifu yake ya udaktari mjini Kiel kuhusu lenzi alizojivalisha mwenyewe kwa kuwa hakuona mbali. Hata alipotia kokaini jichoni ili kupata ganzi, hakuweza kuzistahimili zaidi ya nusu saa.

Kwa miongo mingi waliofuata walipigana na maumivu hayo wakidhani tatizo lote ni umbo. Aliyefika mbali kuliko wote ni Josef Dallos wa Budapest. Yeye alikataa kukisia: alichukua kipimo cha jicho lenyewe la mtu aliye hai kwa kulikandika ute unaoganda, mithili ya daktari wa meno anayechukua alama ya ufizi, kisha akaunda kioo juu ya alama ile. Alihamia London mwaka 1937 na kuendelea na kazi hiyohiyo. Lenzi zake zilikaa vizuri, lakini baada ya saa chache wavaaji waliona ukungu na rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa. Konea ilikuwa imevimba kwa kukosa hewa. Plastiki ngumu ya akriliki iliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa nyepesi na haikuvunjika ovyo kama kioo, ila nayo haikupitisha hewa.

Kisha ulimwengu ukaiacha lenzi hiyo kubwa, inayokaa kwenye weupe wa jicho. Mwaka 1948 Kevin Tuohy wa Marekani aliomba hataza ya lenzi ndogo ya plastiki inayoelea juu ya konea peke yake, ambapo machozi hupita chini yake kila mtu anapopepesa. Mwaka 1961, wakati wa Krismasi, Otto Wichterle wa Prague alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake kwa mtambo alioubuni kutokana na vyuma vya kuchezea watoto na dinamo ya baiskeli. Mamilioni ya watu wakaanza kuvaa lenzi. Lakini lenzi laini hulala juu ya konea na kufuata kila bonde na kila mwinuko wake, kwa hiyo waliokuwa na konea zenye makovu hawakupata kitu, na wenye macho makavu mara nyingi walizidi kuumia. Soko lilikuwa limewapata wateja wengine.

Waliobaki waliokolewa na plastiki mpya zinazopitisha oksijeni, zilizopatikana katika miaka ya 1970. Mwaka 1983 Don Ezekiel wa Perth, Australia, alieleza jinsi alivyozitumia kuunda upya ile lenzi kubwa inayokaa kwenye weupe wa jicho. Perry Rosenthal wa Boston akaiendeleza, na mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha lenzi yake. Kwa jinsi inavyofanya kazi, inastahili kusifiwa. Haiigusi konea hata kidogo. Huijengea paa, na chini ya paa hilo hukaa maji safi ya chumvi tangu asubuhi hadi jioni. Maji hayo hujaza mabonde ya makovu, mwanga ukakutana na uso mmoja laini, na papo hapo konea huwa imezama majini siku nzima. Ukavu na umbo baya hutibiwa na kifaa kimoja.

Afrika Mashariki ina wahitaji wa lenzi hii. Mwaka 1991 madaktari waliofanya utafiti Nairobi walieleza katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya ukimwi waliopewa dawa ya thiasetazoni walipata madhara makali ya ngozi, mengine ya kuua. Madhara ya aina hiyo, yanayoitwa Stevens-Johnson, hubabua pia utando wa macho. Dawa za salfa, ikiwamo Fansidar ya malaria iliyojulikana katika nyumba nyingi za Kongo, nazo zinaweza kuyaleta, ingawa ni nadra. Anayepona anaweza kubaki bila machozi, kope zikimkwaruza konea kila anapopepesa. Na watoto wengi wa ukanda huu wana mzio wa macho unaowasha mno. Kule Rwanda umechunguzwa hata mashuleni. Kuyasugua macho kwa miaka mingi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na keratokonasi, na mzazi anayemzoea mtoto anayejisugua tu hajui anachokiachia.

Lakini lenzi hii kubwa ina masharti. Hujazwa maji ya chumvi ya hospitali yasiyo na dawa ya kuhifadhi, mvaaji akiinama na kutazama chini ili hewa isibaki ndani. Maji ya bomba, ya kisima au ya mtoni hayafai kabisa, kwani yanaweza kubeba amiba inayokula konea. Hailaliwi nayo. Kubwa zaidi ni kwamba kuipima hadi imkae mvaaji vizuri hudai ziara nyingi, na kwa mtu wa Koni kila ziara ni safari ya kwenda Likasi kwanza, kisha Lubumbashi, pengine na kuvuka mpaka.

Hapo ndipo kazi ya Dallos inaporejea. Maabara moja ya Colorado, Marekani, sasa hutengeneza lenzi kubwa kutokana na alama ya jicho iliyochukuliwa kwa ute unaoganda kwa muda mfupi. Alama hiyo hutumwa kwa posta, husomwa na kompyuta, na plastiki huchongwa kuifuata. Ugumu mkubwa umehamia kwenye bei na kwenye mafunzo ya anayechukua alama. Daktari mmoja wa macho wa Likasi akifundishwa kazi hiyo, alama ya jicho la fundi wa Shituru inaweza kusafiri mwenyewe akibaki kazini.