Sumu ya viuatilifu kwa samaki wa maji baridi

Sumu ya viuatilifu kwa samaki wa maji baridi ni madhara yanayowapata samaki wa mito, maziwa na mabwawa wakati dawa za kuua wadudu, kuvu au magugu zinapoingia majini, pamoja na kemikali zinazotokana na kuvunjika kwake. Nchini Tanzania jambo hilo linahusu hasa maeneo ambako mashamba yako juu ya mito, kama wilaya ya Mbinga (mkoa wa Ruvuma), yenye kata kama Litumbandyosi. Kahawa hulimwa kwenye miteremko ya Umatengo, na mvua hupeleka udongo mitoni hadi Ziwa Nyasa.

Namna sumu inavyofanya kazi

Dawa za shaba, ukiwemo mrututu, hupulizwa kwenye kahawa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi. Huharibu matamvua, na ukali wake huzidi katika maji yenye chokaa kidogo.

Piretroidi, kwa mfano sipamethrini, ni salama kiasi kwa ndege na wanyama wenye damu moto, lakini mikrogramu chache tu kwa lita huweza kuua samaki, kwa sababu mwili wao huivunja polepole.

Kuvunjika kwa dawa si lazima kuondoe sumu. Klorpirifosi hugeuka kuwa oksoni, ambayo huzuia kimeng'enya cha neva kwa nguvu kuliko dawa yenyewe. Endosulfani huacha salfati yenye ukali unaokaribiana nayo na inayodumu zaidi. DDT huacha DDE, inayokaa katika mafuta ya mwili. Utafiti wa Ziwa Nyasa uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mabaki hayo huongezeka kutoka kwa viumbe wadogo hadi samaki wanaokula wenzao. Maji ya ziwa hilo, lenye kina cha mita 700 hivi, hubadilika polepole mno.

Uvuvi wa sumu

Utupa, mmea wenye rotenoni, umetumiwa tangu zamani kulevya samaki; kuwa wa asili hakuufanyi usiwe sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya uvuvi wa viuatilifu. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu.