Projeksheni ya ramani katika michezo ya kuiga urubani

Projeksheni ya ramani katika michezo ya kuiga urubani ni njia ambayo programu ya mchezo hutumia kuonyesha uso wa Dunia, ulio wa mviringo, kwenye ramani bapa. Njia hiyo huathiri umbali na mwelekeo anaopima mchezaji anapoongoza ndege.

Umbo la Dunia

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake: nusukipenyo ni takriban km 6,378 kwenye ikweta na km 6,357 kwenye ncha. Umbo hilo huitwa elipsoidi, na vipimo vyake vimewekwa katika mfumo wa WGS 84 unaotumiwa pia na GPS. FlightGear, ambayo ni programu huria, hujenga mandhari yake juu ya elipsoidi hiyo. DCS World hutumia ramani bapa kwa kila eneo la mchezo.

Njia fupi

Gerardus Mercator alitoa projeksheni yake mwaka 1569. Mstari mnyoofu juu yake ni njia ya kushika mwelekeo mmoja wa dira, lakini kwa kawaida si njia fupi. Njia fupi hufuata duara kuu. Kwa mfano, kutoka 60° kaskazini na 30° mashariki, karibu na Saint Petersburg, hadi 60° kaskazini na 120° mashariki, huko Siberia, kuelekea mashariki moja kwa moja ni takriban km 5,000. Kwa duara kuu ni km 4,600. Rubani huanza kwa mwelekeo wa 49°, hupanda hadi karibu latitudo 68° katikati ya safari, kisha hufika akiwa na mwelekeo wa 131°.

Kaskazini mbili

Kwenye ramani bapa mistari ya gridi ni sambamba, ilhali mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha za Dunia. Kwa hiyo kaskazini ya gridi hutofautiana na kaskazini halisi. Katika projeksheni ya Mercator ya mkingamo, kwenye latitudo 42°, longitudo 8 kutoka mstari wa kati wa ramani, tofauti hiyo ni zaidi ya 5°. Mchezaji asiyeisahihisha hupotoka takriban km 9 kwa kila km 100. Tofauti hiyo si ile ya kaskazini ya sumaku, ambayo husahihishwa peke yake.