Kenya Ilishaenda Kombe la Dunia, Ni Vile Mnasahau

Kila Harambee Stars wakichapwa, lazima mtu aulize: "Kenya tutawahi kuenda Kombe la Dunia?" Buda, tulishaenda. Mwaka ni 2024, na wenye walitupeleka ni wasichana wa chini ya miaka 17.

Wacha tuweke historia sawa. Kombe la Dunia la wasichana wa umri huo lilianza 2008 kule New Zealand. Miaka mingi Afrika Mashariki tulikuwa watazamaji. Mlango ulifunguliwa na Tanzania. Mwaka wa 2022 Serengeti Girls walienda India, wakapiga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Sisi wakati huo tulikuwa tumefungiwa na FIFA, kuanzia Februari hadi Novemba, juu ya vita vya serikali na shirikisho. Wakubwa wanagombana, mpira unalala.

Ban ikaisha. Junior Starlets wa kocha Mildred Cheche wakatoa Ethiopia, halafu Burundi 5-0 kwa mechi mbili, ya mwisho ikichezwa Ulinzi, Nairobi, Juni 2024. Hiyo ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA, wanaume kwa wanawake, umri wowote. Kule Jamhuri ya Dominika walipoteza 2-0 kwa Uingereza na 3-0 kwa Korea Kaskazini, wenye walibeba kombe. Wangeweza kukata tamaa. Wakapiga Mexico 2-1.

Sasa skiza, kwa sababu hii si stori ya zamani tu. Tangu 2025 mashindano hayo ni kila mwaka, timu 24 badala ya 16, na Morocco ndio wenyeji hadi 2029. Nafasi za Afrika zimeongezeka. Msichana mwenye ako gredi ya sita leo, umri bado unamruhusu.

Lakini hapa Ewuaso, saa kumi jioni uwanja ni wa maboi. Wasichana wa rika lao wanapita kando na mitungi ya maji. Kila mtu anaona ni kawaida, halafu tunashangaa vipaji viko wapi.

Mimi sidai stediamu. Nadai siku mbili kwa wiki, uwanja uwe wao, na maboi wabebe hiyo mitungi. Nani wa kwanza?