Maneno Yanayorudiliwa Ndani ya ADN

Zamani wenye elimu wengi walifikiri kwamba ndani ya ADN ni jeni tu zenye kazi. Tunajua kwamba ADN ni kama kitabu kirefu kilichoandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na kila jeni ni amri, mara nyingi amri ya kutengeneza proteini. Lakini kitabu hicho kina pia maneno yanayorudiliwa mara elfu na elfu. Ni ya nini? Tuangalie namna jibu lilivyopatikana.

Mambo yalianza katika mahindi. Bibi Barbara McClintock alifanya kazi kule Cold Spring Harbor, Marekani. Mwaka 1948 alitambua kwamba vipande vingine vya kromosomu vinahama. Kipande kikiingia katika jeni ya rangi, jeni inanyamaza, na punje inakosa rangi; kikitoka punje ingali inakua, rangi inarudi kwa madoadoa. Mwaka 1951 aliwaeleza wenzake, lakini wengi walikaa na mashaka. Baada ya 1953 akaacha karibu kabisa kuyatangaza mambo hayo, wala hakuacha kazi.

Mwaka 1968 Britten na Kohne walionyesha kwamba katika panya kuna maneno yaliyorudiliwa mara milioni moja hivi. Mwaka 1969 Britten na Davidson wakakisia kwamba maneno ya namna hiyo yanasaidia kuongoza jeni. Hata hivyo, neno "takataka", alilolitumia Susumu Ohno mwaka 1972, ndilo lililoshika vinywani. Bibi McClintock alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983 tu, akiwa na miaka 81.

Mwaka 1991 ugonjwa mmoja wa watoto ulionyesha uzito wa jambo hili. Mwanzoni mwa jeni FMR1 herufi CGG zinarudiliwa, kwa kawaida chini ya mara 45. Zikipita 200, jeni inafungwa kwa alama za kikemia na kunyamaza. Ubongo unakosa proteini yake, na mtoto anachelewa kujifunza. Amri ya proteini ni nzima, lakini haisomwi.

Leo tunajua kwamba karibu nusu ya ADN ya mtu ni maneno ya kurudiliwa. Basi tusiseme upesi kwamba yote ni takataka, wala kwamba yote yana kazi. Kila kipande kipimwe peke yake, sawasawa na Bibi yule alivyochunguza punje moja moja.