Sahihi ya Mkubwa wa Chama

Wasomaji wetu wamezoea kusikia kwamba mahali penye uchaguzi, raia ndio wanaochagua. Ni kweli. Lakini kabla ya siku ile watu wengine, tena wachache, wamekwisha kuchagua ni majina gani yataandikwa juu ya karatasi. Leo twataka kusimulia habari za nchi ya Kanada, jinsi mkubwa wa chama alivyotumia uwezo wake kuwaingiza wanawake Bungeni, na jinsi watu wake mwenyewe walivyomnung'unikia.

Wanawake wengi wa Kanada walipata ruhusa ya kupiga kura ya nchi nzima mwaka wa 1918. Mwaka wa 1921 Agnes Macphail, mwalimu wa shule kutoka sehemu za wakulima wa Ontario, aliingia Bungeni, mwanamke peke yake kati ya wabunge 235. Huko Quebec, mahali penye Wakatoliki wengi sana, wanawake walingoja mpaka 1940 ndipo wakapewa kura ya jimbo lao, na Kardinali Villeneuve alikuwa amepinga jambo hilo waziwazi. Hatuoni faida ya kulificha. Sasa tazameni: mwaka wa 1968, miaka hamsini baada ya ruhusa ile ya kwanza, Bungeni alikuwamo tena mwanamke mmoja tu, Grace MacInnis, kati ya wabunge 264.

Kwa nini? Jibu lilikuwa katika mikutano ya matawi. Kanada iligawanyika katika sehemu nyingi za uchaguzi, na kila sehemu hutoa mbunge mmoja. Katika kila sehemu wanachama wa chama hukutana jioni moja kumchagua mtu wao. Anayetaka jina lake lipite huzunguka wiki nyingi akiandikisha wanachama wapya, jamaa, majirani, watu wa kazini kwake, kisha huwaleta ukumbini kwa wingi. Kazi hiyo yataka fedha, yataka nafasi, yataka marafiki wenye nguvu. Mama mwenye watoto nyumbani angeyapata wapi hayo yote? Na wale waliopita mara nyingi walipita mahali ambapo chama chao hakikuwa na tumaini la kushinda. Hapo wanaume hawakugombana nao.

Mwaka wa 1970 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa. Jina la chama likaanza kuandikwa juu ya karatasi ya kura kando ya jina la mtu, na ili liandikwe, mkubwa wa chama alipaswa kutia sahihi yake. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wanawake hata kidogo. Ilitakiwa kujua tu nani ni mtu wa chama kweli. Lakini mwenye kutia sahihi aweza pia kukataa. Mwaka wa 1974 Robert Stanfield alikataa kutia sahihi kwa Leonard Jones, meya wa Moncton, aliyekuwa amechaguliwa na tawi lake, kwa sababu Jones alipinga haki ya lugha mbili. Jones akasimama bila chama, akashinda.

Chama cha Liberali kikaenda mbali zaidi. Mwaka wa 1992 kilimpa mkubwa wake, Jean Chrétien, uwezo wa kuweka mtu katika sehemu ya uchaguzi bila mkutano wowote wa wanachama. Sababu zilikuwa mbili au tatu, na nyingine yatugusa. Watu waliopinga utoaji mimba walikuwa wameanza kujiandikisha kwa wingi na kushinda mikutano ya matawi, na viongozi walitaka kuwazuia. Basi, kanuni iliyowafungulia wanawake mlango ilitungwa pia ili kuwafungia wengine, na Wakatoliki walikuwa miongoni mwao. Twaweza kuwafurahia wale walioingia. Hatuwezi kusema kwamba waliozuiwa walitendewa kama wanachama.

Katika uchaguzi wa 1993 Chrétien aliweka watu zaidi ya kumi kwa namna hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake. Hakuwasahau rafiki wakubwa: Art Eggleton, aliyekuwa meya wa Toronto, naye aliwekwa. Katika matawi kelele zilikuwa kubwa. Watu waliokuwa wamechoka kuandikisha wanachama usiku na mchana waliambiwa kwamba hakuna mkutano tena. Twaelewa uchungu wao, maana kazi yao ilikuwa ya kweli.

Mmoja wa walioingia hivyo alikuwa Jean Augustine. Alizaliwa Grenada mwaka wa 1937, akawa mwalimu. Mwaka wa 1960 alifika Kanada katika mpango uliowachukua wanawake wa visiwa vile kufanya kazi za nyumbani. Mwalimu akalea watoto wa wengine, kisha akasoma tena, akafundisha, akawa mkuu wa shule huko Toronto. Chrétien alimweka Etobicoke–Lakeshore, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kanada. Mwezi wa Desemba 1995 alileta shauri kwamba Februari uwe mwezi wa historia ya watu weusi, na wabunge wote wakakubali. Raia walimrudisha mwaka wa 1997, 2000 na 2004. Wale ndio wapiga kura wenyewe, wala si mkubwa wa chama.

Hesabu ya wanawake Bungeni ilitoka 39 mwaka wa 1988 hadi 53 mwaka wa 1993, na 36 kati yao walikuwa Waliberali. Hata hivyo tusimpe Chrétien sifa zote. Chama chake kilishinda viti 177, kwa hiyo wengi waliochaguliwa na matawi waliingia pia. Chama cha NDP kilifuata njia nyingine: tawi haliruhusiwi kuita mkutano mpaka lionyeshe kwamba limewatafuta wanawake kwa bidii. Mwaka wa 2011 wabunge wake walikuwa 103, wanawake 40.

Bibi Augustine aliacha kiti chake mwishoni mwa 2005. Chama kilimtaka mahali pake mwanamume mwenye jina kubwa, Michael Ignatieff, aliyekuwa amekaa ng'ambo miaka mingi. Wawili wengine walitaka kushindana naye. Karatasi zao zilikataliwa. Wanachama wa Etobicoke–Lakeshore hawakupiga kura safari hiyo pia, na mwezi wa Januari 2006 Ignatieff alishinda.